Namna ya kumtazama mwanamke kwenye filamu ya nyimbo: maneno ya fundi cherehani

Ukitaka kujua filamu ya nyimbo inamwonaje mwanamke, usianze na hadithi. Hadithi itakwambia huyu ameolewa, yule amekufa, yule amejuta, nawe utazima televisheni ukisema "walewale". Anza na wimbo. Kamata wimbo mmoja, urudishe nyuma, uutazame kana kwamba filamu iliyobaki haipo. Ukimaliza ndipo urudi kwenye hadithi uone kama vitu hivi viwili vinapatana au vinagombana. Mara nyingi vinagombana, na mimi hapo ndipo ninapovuta kiti.

Mimi ni fundi, Ngamiani, Tanga. Nafundisha mabinti kukata na kushona, na ukutani kuna televisheni inayofanya kazi kuliko baadhi yao. Tunatazama huku mikono inatembea. Baada ya miaka mingi ya kushonea watu nguo walizoziona kwenye filamu, nimeona kwamba wanawake wa filamu hizi wengi wamekatwa kwa karatasi tatu tu: mama mvumilivu, binti mtiifu anayengoja kuolewa, na yule mwanamke mbaya mwenye nguo ya kumetameta. Wanaobadilika ni vitambaa. Lakini zipo filamu zinazoichana karatasi, na zipo nyingine zinazoichana katikati ya wimbo halafu zinaigundisha tena kabla ya mwisho. Hizi za mwisho ndizo tamu kuzitazama.

Tafuta nakala ambayo nyimbo zake hazijarukwa

Hili watu hulipuuza. Filamu nyingi za mitaani kwetu zimeingizwa sauti ya msimuliaji wa Kiswahili. Nawapenda wale jamaa, wana maneno, lakini wimbo ukifika mara nyingi ama wanaongea juu yake ama wanaukata ili wawahi ngumi. Kwa filamu ya vita hakuna hasara. Kwa filamu ya nyimbo umekatiwa nusu ya mwanamke, kwa sababu akiwa mezani mbele ya wakwe husema "ndiyo baba", na anachokifikiri hasa hukisema muziki ukianza. Kwa hiyo tafuta nakala kamili yenye maandishi chini. Maandishi yakikushinda kasi, mketishe mtoto wa sekondari pembeni akusomee. Atajifanya hataki, halafu utamkuta kesho anauimba.

Zima sauti, tazama nguo

Mara ya kwanza wimbo utazame bila sauti. Utajiona kama mwehu lakini vumilia. Unatafuta mambo matatu: nguo inabadilika lini, nani kataka ibadilike, na je, aliyeivaa anaweza kuinama akaokota kitu?

Mabinti wangu huwa nawaanzishia The Sound of Music, ya 1965, kwa sababu ndani yake mna fundi. Maria anafika nyumbani kwa Kapteni von Trapp na gauni baya hasa. Anaambiwa akabadilishe, anajibu hana lingine: anayeingia utawani nguo zake hupewa maskini, na hili maskini wenyewe walilikataa. Watoto saba wa nyumba ile wanavalishwa sare na kuitwa kwa filimbi. Maria anaomba kitambaa awashonee nguo za kuchezea, Kapteni anakataa. Basi anayatazama mapazia ya chumbani mwake, ambayo ameshasikia yataondolewa, na mabinti wote kibandani wanajua kinachofuata kabla hakijafuata.

Sasa angalia kilichorukwa. Tunaliona pazia dirishani, kisha tunawaona watoto mjini Salzburg wamelivaa. Vipimo saba, kukata, kupiga cherehani, mapindo, vifungo, vyote vimepotea kati ya picha na picha. Maria anasifiwa kwa uchangamfu wake na sauti yake, wala hakuna anayemsifia mkono wake. Weka alama hapo. Katika filamu nyingi za nyimbo mwanamke anapika, anafua, anashona na analea bila sisi kuiona kazi, tunaona sinia limekwisha kuletwa. Ukianza kuuliza "hii imefanywa lini na nani?", hutaacha kuuliza, na watu wa nyumbani watachoka nawe.

Halafu twende Grease, ya 1978, maana bila hiyo somo la nguo halijakamilika. Sandy, aliyechezwa na Olivia Newton-John, filamu nzima amevaa sketi pana na blauzi za kola, rangi za maziwa na maua. Wenzake wanamcheka kwa usafi wake, wanamtungia hadi wimbo. Mwisho wa filamu anatokea na suruali nyeusi inayobana, nywele zimetimka, sigara mdomoni, na Danny, kijana anayempenda, anaanguka chini. Ile suruali ilikuwa kuukuu ya miaka ya hamsini na zipu yake ilikuwa mbovu, kwa hiyo ikabidi mwigizaji ashonewe ndani yake. Fundi yeyote akilisikia hili anakunja uso. Kushonewa ndani ya nguo maana yake huwezi kuivua mwenyewe, na kwenda msalani ni safari inayohitaji mkasi.

Nililisimulia hili siku moja na binti mmoja, mpole kuliko wote, akaacha kazi akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, angebaki na sketi yake asingependwa?" Swali lenyewe ndilo hilo. Lakini usikimbilie kuhukumu, rudisha nyuma utazame Danny. Naye siku hiyo amekuja na sweta la wanamichezo, kajibadilisha ili amfae Sandy. Anapomwona, analivua. Yaani wote wawili walijibadilisha kwa ajili ya mwenzao, na mabadiliko ya mwanamume yalidumu dakika moja. Ya mwanamke ndiyo yaliyopanda gari yakaenda zao.

Na ukiwa hapo hapo kwenye Grease usimpite Rizzo. Ndiye "mbaya" wa shule, anavuta sigara, amelala na wavulana, anadhani amepata mimba. Kwa kawaida ya filamu, mtu wa namna hiyo hulia au huadhibiwa. Yeye anaimba peke yake, polepole, kwamba yapo mabaya zaidi ambayo angeweza kuyafanya, kama kuwachezea watu akili bila kuwapenda, na kwamba kulia mbele ya yule kijana ndilo jambo baya kuliko yote. Hakuna nguo ya kumetameta wala mcheza dansi nyuma. Mimi ule wimbo nauweka juu kuliko suruali ya Sandy mara kumi, ingawa hakuna aliyewahi kuniletea picha akitaka ashonewe gauni la Rizzo.

Kuhusu Elsa nitasema kwa ufupi kwa sababu magauni yake yameshanichosha. Kila mtoto wa kike mwenye siku ya kuzaliwa analitaka. Frozen ilitoka 2013, na Elsa mwanzoni alipangwa kuwa adui. Kristen Anderson-Lopez na mumewe Robert Lopez walipoleta ule wimbo wake mkubwa, watengenezaji wakaona huyu si mtu mbaya, wakaipindua hadithi nzima. Ni mfano safi wa wimbo kuishinda hadithi kabla filamu haijatengenezwa. Na hadithi iliyobaki nayo si haba: Anna, mdogo wake Elsa, anachumbiwa kwa wimbo mtamu na mwanamume aliyekutana naye siku ileile, na mwanamume huyo anageuka kuwa mbaya wa filamu, na kinachomwokoa Anna ni yeye mwenyewe kujitoa kwa dada yake, wala si busu. Sawa. Lakini zima sauti utazame Elsa anavyopata uhuru. Anatupa joho, anatupa taji, anafungua nywele, na uhuru unamvika gauni la kubana lenye mpasuo mrefu na viatu vya kisigino, juu ya barafu. Ninapowashonea watoto huwa naziba mpasuo na kupanua sketi. Mteja hajawahi kulalamika, na mtoto anakimbia.

Fumba macho, sikiliza sauti

Mara ya pili fanya kinyume: geuka usitazame, sikiliza. Sauti hii ni ya nani?

Hollywood ya zamani ilikuwa na mama mmoja, Marni Nixon. Ndiye aliyeimba kwa niaba ya Deborah Kerr katika The King and I, 1956, kwa niaba ya Natalie Wood katika West Side Story, 1961, na sehemu kubwa ya nyimbo za Audrey Hepburn katika My Fair Lady, 1964. Jina lake halikuandikwa kwenye filamu hizo. Ukumbuke kwamba My Fair Lady inamhusu binti muuza maua, Eliza, anayefundishwa na mwanamume kuondoa sauti yake na kuvaa nyingine. Na mwigizaji mwenyewe, aliyekuwa amejiandaa kuimba, akaondolewa sauti yake akavishwa nyingine. Hata Singin' in the Rain ya 1952, ambayo mkasa wake wote ni binti anayeimba kwa siri nyuma ya pazia kwa niaba ya nyota asiyejua kuimba, ilimwazimia binti huyo, Debbie Reynolds, sauti ya mwimbaji mwingine, Betty Noyes, kwenye baadhi ya nyimbo. Ukicheka cheka, lakini andika.

Kwa Wahindi mambo ni tofauti, na sisi watu wa pwani tunayajua vizuri kwa sababu tulikulia humo. Zanzibar na Mombasa sinema zilikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na taarab yetu imechota tuni za filamu za Kihindi bila aibu. Kule kila mtu anajua mwigizaji haimbi, na mwimbaji ni nyota kamili. Ila haikuanza hivyo. Santuri ya wimbo mkubwa wa Mahal, 1949, ilitoka imeandikwa mwimbaji ni Kamini, jina la mhusika wa kwenye filamu! Wasikilizaji wakataka kujua ni nani hasa. Alikuwa Lata Mangeshkar.

Baada ya hapo ikazuka kawaida ambayo mwenye masikio ataisikia mara moja. Lata, sauti nyembamba ya juu, aliimbia hasa mabinti wema. Mdogo wake, Asha Bhosle, ndiye aliyepewa nyimbo nyingi za wacheza kabarei, na aliyezicheza sana ni Helen, msichana aliyezaliwa Burma na kufika India kama mkimbizi wa vita. Utaratibu mzima wa filamu ulikuwa hivi: binti mwema ana mtandio, jina la Kihindi na sauti ya Lata, mbaya ana manyoya kichwani, glasi mkononi, jina la Kizungu kama Monica, na sauti ya Asha. Sikiliza wimbo wa Helen katika Caravan, 1971, zile pumzi ambazo Asha kazitia katikati ya maneno. Pumzi zile binti mwema hakuruhusiwa kuzitoa. Mwema hakuwa na mapafu.

Sasa weka Umrao Jaan, ya 1981. Rekha anacheza mwanamke wa Lucknow aliyeibwa utotoni akauzwa nyumba ya wacheza muziki, akawa mshairi. Mtunzi wa muziki, Khayyam, hakumpa Lata. Alimpa Asha, tena akamshusha sauti chini ya alipozoea kuimbia. Ile sauti ya kabarei ikatoka nzito, imetulia, ya mtu mwenye akili anayechagua neno. Asha alipata tuzo ya taifa ya India kwa kazi ile. Na kuna wimbo karibu na mwisho nataka uutazame hata kama hutatazama kingine: Umrao anaitwa kutumbuiza Faizabad, anafika, anagundua amesimama mbele ya nyumba yao ya utotoni. Hawezi kugonga mlango na kusema mimi ni mwanenu niliyepotea. Anauliza kwa wimbo: mahali hapa ni wapi, marafiki? Baadaye mama anamkumbatia, na kaka anamkataa kwa sababu ya kazi aliyoifanya, kazi ambayo hakuichagua. Mshairi wa sifa zote, na mlango umefungwa na mtu ambaye maishani mwake hakutunga hata mstari.

Uliza wimbo unampasha nani

Hapa mtu wa Tanga, Unguja au Mombasa ana bahati kuliko msomi wa chuo chochote. Wewe taarab umeikaa. Unajua mwimbaji anatazama mbele, lakini ubeti unakwenda meza ya tatu kulia, na yule anayeinuka na noti mkononi kwenda kutunza anatunza neno lake mwenyewe lililosemwa na mdomo wa mtu. Itazame filamu hivyohivyo. Kila ubeti uliza: hili linamfikia nani, na angelisema kwa maneno makavu lingemgharimu nini?

Nitakupa mmoja wa kujifunzia na mmoja wa kufurahia.

Wa kujifunzia umo tena kwenye The Sound of Music. Liesl ana miaka kumi na sita, Rolf kumi na saba anaelekea kumi na minane, wamejificha bustanini, na kijana anamwimbia kwamba yeye msichana hajui dunia, anahitaji mtu mkubwa na mwenye hekima wa kumwongoza. Kampita mwaka mmoja! Tuni ni nzuri mno hata unajikuta unaitikia. Baadaye Maria anaurudia wimbo uleule na Liesl, na wengi hudhani hapo mwanamke mwenzake atamfungua macho. Sikiliza maneno: anamwambia siku moja atakuwa mke wa mtu na atakuwa wake huyo mtu. Kwa hiyo marudio hayakurekebisha kitu. Kinachorekebisha ni filimbi. Mwishoni familia imejificha makaburini, na Rolf, yule mwenye hekima ya kuongoza wengine, amevaa sare za Manazi na anapuliza filimbi kuwafichua. Filamu haisemi chochote kuhusu ule wimbo. Inakuachia uunganishe mwenyewe, na wengi hawaunganishi kwa sababu tuni imewalewesha.

Wa kufurahia ni Guide, ya 1965. Rosie, aliyechezwa na Waheeda Rehman, ni binti wa mchezaji wa hekaluni. Ameozwa kwa msomi wa mambo ya kale anayeyapenda mapango kuliko mkewe, na kucheza amekatazwa, maana ndoa ilikuja kusafisha jina. Kumbuka nilivyosema kuhusu majina: Rosie ni jina la mwanamke wa kabarei, na hapa kapewa shujaa. Hata wakati wa kupanda jukwaani watu wanamgeuza Nalini ili asikike heshima.

Siku anajinunulia njuga za miguuni, wimbo unaanza. Sauti ni ya Lata, sauti ya wema, imepewa mke anayemwacha mume. Kwa mwaka ule hiyo peke yake ni kesi. Anapanda lori la majani makavu, anakitupa chungu kinapasuka barabarani, anakimbia kwenye magofu ya ngome ya Chittorgarh akicheza ukingoni mwa kuta. Na maneno ya Shailendra yanasema: nimeuvuta mtandio wangu kutoka kwenye miiba, nimekata vifungo, nimefunga njuga, leo nataka tena kuishi, leo nimeazimia tena kufa.

Simamisha picha kwenye huo mtandio. Aliyewahi kunasa ushungi kwenye mchongoma anajua. Ukivuta polepole unachomoa uzi mmoja mmoja na unabaki pale hadi magharibi. Ukivuta kwa nguvu unachanika lakini umetoka. Rosie kavuta. Filamu nzima za wakati ule mtandio ndio heshima ya mwanamke, ukianguka ameanguka naye. Hapa umechanika na mwenyewe anaimba. Hilo ni pasho la kumfikia kila mkwe aliyeketi ukumbini, na limepita bila mtu kukasirika kwa sababu lilikuwa na ngoma.

Halafu angalia hadithi inavyolirudisha vazi kabatini. Nusu ya pili ya filamu inamfuata mwanamume, Raju, anayeishia kuwa mtu mtakatifu anayefunga hadi kufa kuombea mvua. Rosie anabaki kwenye kundi la watazamaji. Alipata wimbo mmoja wa kwake, filamu ikachukuliwa na mwingine. Ndiyo maana nilikwambia utazame wimbo peke yake.

Nani anachungulia?

Swali hili fupi. Hum Aapke Hain Koun, ya 1994, ina nyimbo kumi na nne na sherehe zisizokwisha. Fundi wa rika langu hakuna asiyekumbuka vazi la zambarau la Madhuri Dixit, watu walilileta likiwa limekatwa gazetini, limekunjwa kwenye pochi. Wimbo wenyewe ni wa sherehe ya wanawake peke yao, wanamwadhimisha mwenye mimba. Mwanamke mmoja amevaa kiume anamwigiza shemeji, wanacheka, wanatania mambo ya ndani. Sisi hilo tunalijua: kwenye kesha, kwenye singo, kwenye kitchen party, wanaume wakitoka wanawake hulegeza kila kitu, pamoja na ndimi. Ila pale kuna kijana anachungulia, na kamera imesimama naye. Tunawatazama wanawake kwa jicho la asiyealikwa. Kwa hiyo kila wimbo wa wanawake peke yao, itafute kamera imekaa wapi: imeketi nao mkekani, au iko dirishani?

Mwisho wa filamu usikutishe

Watu hupenda kuhukumu kwa mwisho: kaolewa, basi filamu ni mbaya. Tulia. My Fair Lady inaisha Eliza amerudi na Profesa Higgins, yule mwalimu wake, anauliza ndara zake ziko wapi. Mabinti wangu hapo hutukana, nami huwaacha watukane. Lakini muda mfupi kabla yake Eliza amemwimbia usoni kwamba maji ya bahari yatajaa bila yeye, na dunia itazunguka bila yeye. George Bernard Shaw, aliyeandika tamthilia iliyozaa filamu hiyo, hakutaka kabisa Eliza aishie kwa Higgins, akaandika maelezo marefu kuwa aliolewa na Freddy, kijana mwingine aliyempenda. Waliotengeneza filamu wakampa Higgins ndara. Wewe unao wimbo. Ukitaka filamu iishie hapo, izime hapo.

Kwa upande wa Afrika nina moja ninayoirudia, Sarafina! ya 1992, ambayo huku kwetu ilionyeshwa hadi ikazoeleka. Wengi wanakumbuka Leleti Khumalo na wanafunzi wa Soweto wakiimba na kuruka, na mwalimu wao aliyechezwa na Whoopi Goldberg. Mimi nataka umtazame mama. Mama yake Sarafina ni mtumishi wa ndani kwa Wazungu, na binti anamwonea haya: anainama, anaitika, havunji chochote. Ni mama mvumilivu wa karatasi ya kwanza kabisa. Na nafasi hiyo wamempa Miriam Makeba, mwanamke ambaye serikali ya makaburu ilimfungia mlango asirudi kwao kwa miaka kama thelathini, yuleyule aliyeimba Malaika yetu. Sarafina anapotoka kizuizini, akiwa ameteswa, anakwenda kwa mama yake na anamwona upya. Mama hajabadilisha nguo, bado ana sare ya kazi. Kilichobadilika ni macho ya binti. Mavazi yote niliyoyataja huko juu, hili ndilo ambalo filamu iliacha kulibadilisha na bado likawa jipya.

Ukitazama na mabinti

Filamu za Kihindi zina saa tatu; zikate kwenye mapumziko yake, usilazimishe. Chagua wimbo mmoja kwa kikao kimoja, uonyeshe bila sauti, halafu sauti bila picha, halafu vyote. Usiwahutubie. Uliza maswali ya mikono: hii nguo ungeifunga wapi, zipu au vifungo? Anaweza kubeba mtoto nayo? Nani kamnunulia? Ukiuliza "filamu hii inamdhalilisha mwanamke?" watakujibu unachotaka kusikia. Ukiuliza kuhusu zipu watakwambia ukweli.

Wavulana nao waite, hasa kwenye Grease. Waulize sweta la Danny lilikwenda wapi. Wakisema hawajui, rudisha nyuma. Na kama muda ni wa filamu moja tu, weka Guide, nenda moja kwa moja sokoni anaponunua njuga, na hakikisha spika zina betri.